Kitale na Bungoma: Mbio za Waliopita Hamsini



 Juma hili nawachukua mbali na bahari. Tunakwenda magharibi ya nchi yetu, katika miji ya Kitale na Bungoma, ambako nilialikwa kwa siku kumi kudarisisha na kuhudhuria harusi ya jamaa. Wengi wetu huyajua majina ya miji hiyo kwa sababu ya magunia ya mahindi yanayoshushwa masokoni petu. Mimi nimerudi na habari nyengine, nayo ni ya miguu.

Kitale imekaa baina ya milima miwili. Upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, na upande wa mashariki imenyooka safu ya Cherang'any. Mji wenyewe uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Reli ilifika hapo mwaka 1926, na tangu hapo nchi ile imekuwa ghala la mahindi. Udongo ni mwekundu, mzito wakati wa mvua na laini kama unga wakati wa kiangazi. Usiku baridi huingia hadi mfupani, na mtu wa pwani hulala na blanketi mbili, asubuhi akatamani ya tatu. Alfajiri nayo hufika kiasi cha dakika ishirini baada ya yetu, kwa kuwa jua hutuanza sisi wa Mombasa kabla ya kuwafikia wao. Aliyezoea kuamka kwa saa ya Mombasa hujikuta ana muda mrefu wa kukaa na uradi wake kabla ya adhana.

Ukitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, ndipo unapoiona nchi ile kwa uso wake halisi. Barabara za udongo zinazopita kando ya mashamba zina watu wanaokimbia. Wako vijana wembamba wanaopita kama upepo, na hao hawakunishangaza, maana sifa zao zimeenea duniani. Walionishangaza ni wazee. Nilimwona bwana mwenye mvi kichwa kizima akienda mbio ndogo ndogo, na bibi mtu mzima mwenye leso kiunoni akipanda kilima kwa mwendo wa haraka bila kusita. Nikajiuliza: kwetu, mtu wa umri huu yuko wapi saa hizi?

Jibu twalijua. Yuko kitandani, au yuko barazani akingoja kahawa tungu na haluwa, na mahamri ya kufungulia siku. Sisemi haya kwa kudharau baraza, kwani baraza ndiyo shule yetu. Lakini tuliosoma chuo kimoja utotoni, tukikaa mkekani mbele ya mwalimu mmoja, leo tukikutana mazungumzo yetu ya kwanza ni sukari na presha. Mmoja wetu amekatwa mguu. Wawili huswali juu ya kiti. Sheria imewaruhusu, na swala yao ni kamili mbele ya Mola wao. Hata hivyo, mmoja wao aliniambia neno ambalo halijanitoka: kwamba katika yote aliyoyapoteza, linalomliza ni kutoweza tena kuweka paji la uso wake chini. Mimi mwenyewe nina miaka hamsini na sita, na mwaka jana daktari aliniambia kuwa sukari yangu imesimama mlangoni. Nilianza kukimbia, na baada ya miezi michache goti la kulia likaanza kulalamika. Basi swali nililoliendea Kitale halikuwa la anasa. Nisipokimbia, sukari itaingia. Nikikimbia vibaya, nitaliharibu goti ninalosujudia.

Kabla ya kuendelea, niwajibu wale watakaosema kwamba mbio si jambo la heshima kwa mtu mzima, seuze kwa mwenye kanzu na kofia. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, katika upokezi wa Abu Daud na wengineo, kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, naye akamshinda. Baadaye mwili wake ulipoongezeka walishindana tena, na mara hii Mtume akatangulia, akamtania kuwa sasa zimelipana. Tukumbuke kwamba wakati huo Mtume wetu alikuwa ameshapita miaka hamsini. Tukumbuke pia Bi Hajar, aliyekwenda mbio baina ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji. Mpaka leo kila mwenye kuhiji na kufanya umra hufuata nyayo zake mara saba, jumla ya takriban kilomita 3, na wanaume huharakisha mwendo baina ya alama mbili za kijani. Ibada ile imewekwa kwa miguu. Wengi wetu huipata nafasi ya kuhiji tukiwa na miaka sitini, baada ya kuweka akiba maisha mazima. Ni msiba kuwa na nauli mkononi na kukosa magoti.

Mwenyeji wangu wa Kitale ni mwalimu mstaafu mwenye miaka sitini na saba. Hakuwahi kuwa bingwa wa chochote. Amekimbia kwa miaka thelathini, na magoti yake yangali yanamtii. Asubuhi ya pili alinikuta uani nikifunga kamba za raba.

"Sheikh, leo tutatembea," akaniambia.

"Mwalimu, mimi nimekuja kukimbia," nikamjibu.

"Utakimbia. Lakini kwanza mapafu yako yapige hodi, huku si kwenu."

Alisema kweli. Katika kimo kile, kila pumzi huingiza hewa yenye oksijeni pungufu kwa kiasi cha asilimia 20 kuliko pumzi ya Mombasa. Moyo hulazimika kwenda kasi zaidi kwa kazi ile ile. Kijana huweza kulivumilia hilo kwa kiburi cha ujana wake, ila mtu mzima anayeshuka kwenye basi na kuanza mbio hujitafutia kizunguzungu, au balaa kubwa zaidi. Siku mbili tulitembea. Siku ya tatu tukaanza kuchanganya: dakika mbili mbio, dakika mbili mwendo.

Jambo la pili alilonifunza ni namna ya kuanza. Watu wa nchi ile huanza mbio zao polepole mno, hata mgeni akadhani wanafanya mzaha. Hata wale vijana mabingwa, dakika zao za kwanza huwa ni za kuburuza miguu. Misuli hupata joto, viungo hulainika, na kasi huja yenyewe. Sisi tunayo methali, mwenda pole hajikwai, ila tunaitumia tunapochelewa kwenye miadi tu. Wao wameifanya kanuni ya mwili.

La tatu ni kipimo cha mazungumzo. Mwalimu alinisemesha njia nzima, akiniuliza habari za Lamu na bei ya samaki. Siku ya nne ndipo nilipofahamu kuwa alikuwa akinipima. Maadamu mtu anaweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wake ni salama. Akibakia kujibu neno moja moja, ameshavuka mpaka wake. Aliniambia kuwa siku nyingi za juma hukimbia kwa mwendo huo wa mazungumzo, na siku moja tu, asipokuwa na maumivu yoyote, ndipo huongeza kasi kidogo.

La nne ni ardhi. Yeye haikimbilii lami ikiwa njia ya udongo ipo. Udongo humeza sehemu ya kishindo cha mguu. Isitoshe, njia ya udongo haiko sawasawa, na mguu hulazimika kukanyaga kwa namna tofauti kila hatua, hivyo mzigo hauangukii pahala pamoja mara elfu. Nilimwona pia akifupisha hatua zake anapoteremka kilima. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza, kumbe kupanda huchosha tu, na kuteremka kwa hatua ndefu ndiko kunakolivunja goti.

Siku moja alinipeleka Saiwa, nje kidogo ya mji, kwenye hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya. Ni bonde la kinamasi lenye matete, na humo anaishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka zisimzamishe topeni. Magari hayaingii, kila mgeni hutembea kwa miguu. Tulizunguka asubuhi nzima kwa mwendo wa kadiri. Nikamtazama nzohe akivuka matope bila kuzama, nikasema Subhanallah, kila kiumbe amepewa mguu wa kumtosha pahala pake. Mwalimu akanikumbusha kuwa siku ile ya kutembea nayo ilihesabika katika mazoezi yetu. Kwa mtu wa umri wetu, kupumzika ni sehemu ya mbio, kwani nyama na kano hujijenga siku ya mapumziko, nazo hujijenga taratibu zaidi kila mwaka unavyopita.

Kutoka Kitale kwenda Bungoma ni safari isiyofika kilomita 100. Barabara hupita Kiminini na Kamukuywa, ikishuka kidogo kidogo hadi Webuye, unapoanguka Mto Nzoia katika maporomoko ya Nabuyole. Karibu na hapo kuna kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu waliopigania ardhi yao walishambuliwa na jeshi la Waingereza ndani ya ngome yao, wakauawa wengi. Nilisimama nikawakumbuka, kisha tukaendelea. Bungoma iko kiasi cha mita 1,400, kwa hivyo baridi hupungua na pumzi hurejea. Miwa imeshika nafasi ya sehemu ya mahindi, bodaboda ni nyingi, na kuku wa kienyeji huletwa mezani kwa heshima ya mgeni hata mgeni akaona haya. Upande wa kaskazini, Mlima Elgon ungali ukimwangalia kila mtu.

Miteremko ya mlima ule imetoa wakimbiaji wengi. Marehemu Ben Jipcho alizaliwa huko mwaka 1943. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alitoka kwa kasi kubwa katika fainali ya mita 1,500 ili mwenzake Kipchoge Keino apate kushinda, na Keino akashinda. Wakati wake ulifika baadaye. Mwaka 1972 alipata medali ya fedha mjini Munich katika mbio za kuruka viunzi na maji, na mwaka 1974, huko Christchurch, akatwaa dhahabu mbili na shaba moja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alifariki mwaka 2020.

Lakini mfano nilioutafuta zaidi ni wa mwanamke. Edith Masai, aliyezaliwa mwaka 1967 katika eneo hilo hilo la Mlima Elgon, alikuwa mama na askari wa Magereza. Umri ambao wengi huvitundika viatu ndio umri aliovivaa vyake kwa ushindi. Mwaka 2002, akikaribia kutimiza miaka 35, alishinda mbio fupi za nyika za dunia. Akashinda tena mwaka 2003, na mara ya tatu mwaka 2004. Mwaka 2003 alipata shaba ya mita 5,000 katika mashindano ya dunia mjini Paris. Mwaka 2006, mwenye miaka 39, akawa bingwa wa Afrika katika mita 10,000. Dada zangu na mama zetu mnaosoma, sikutaji mfano huu ili mwende Paris. Nautaja kwa kuwa wengi wenu mkishalea watoto wanne huambiwa kuwa mwili wenu umekwisha kazi. Mwili haukwisha. Kinachohitajika ni vazi la sitara lisilonasa miguu, mwenzi mmoja au wawili, na njia yenye amani. Tena mifupa ya mwanamke hupungua uzito baada ya kukoma hedhi, na mazoezi ya kubeba uzito wa mwili, kama kutembea kwa haraka, huisaidia isipungue upesi.

Sasa nirudi kwenye goti. Mjini Bungoma nilikutana na daktari wa viungo, jamaa ya bwana harusi, naye alilipima goti langu sebuleni baada ya chakula. Nilimwuliza lile ambalo kila mtu hulisema barazani, kwamba mbio huharibu magoti. Alinijibu kuwa tafiti zilizofanywa kwa watu wanaokimbia kwa kiasi, si kwa mashindano, hazionyeshi kuwa magoti yao huoza zaidi kuliko ya wanaokaa. Kinachoharibu ni mambo matatu: uzito mkubwa wa mwili, jeraha la zamani lisilotibiwa, na haraka. Haraka ndiyo adui mkuu. Moyo na mapafu hupata nguvu katika wiki chache, na mtu akajiona kijana. Kano na mifupa huchukua miezi. Basi moyo husema twende, na kano la kisigino halijawa tayari. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa mkimbiaji mzee ni pale anapoongeza umbali na kasi kwa pamoja.

Kwa muhtasari, haya ndiyo niliyoyakusanya kwake na kwa mwalimu wangu wa Kitale.

Kwanza, aliyepita miaka hamsini, mwenye kisukari, presha au moyo, asianze mbio kabla ya kuonana na daktari. Mwenye kutumia dawa za kushusha sukari achukue kitu kitamu mfukoni, na kila akirudi azikague nyayo zake, kwani kisukari huweza kuondoa hisia, na kidonda kidogo kikakaa bila kujulikana.

Pili, misuli hupungua kwa umri, na mbio peke yake haziirudishi. Mara mbili kwa juma afanye mazoezi ya nguvu. Hayahitaji vyuma. Kukaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi, kupanda ngazi, kusimama kwa ncha za vidole akishika ukuta, yote hayo huyajenga mapaja na vifundo vinavyolilinda goti. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na siku mbili za kujenga misuli. Kwa waliofikia miaka 65 limeongeza mazoezi ya kulinda mizani, wasianguke.

Tatu, ajue tofauti ya uchovu na maumivu. Uchovu huenea mguu mzima, nao hupoa kwa siku moja au mbili. Maumivu hukaa pahala pamoja, huzidi kila hatua, na humfanya mtu achechemee. Mwenye kuchechemea asikimbie. Goti likivimba, apumzike na aonane na tabibu. Na kifua kikibana, au pumzi ikikatika kwa namna asiyoizoea, asimame papo hapo na atafute msaada.

Nne, raba zikiisha soli zibadilishwe. Afadhali raba ya bei ya kadiri inayomkaa mtu vizuri kuliko ya fahari inayombana vidole.

Limebakia la hima, maana wengi huanza na wachache hudumu. Mafundisho ya dini yetu yametujulisha kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile inayodumu, ijapokuwa ni ndogo. Nimeona kuwa kanuni hiyo ni ya mbio vile vile. Dakika ishirini mara nne kwa juma, mwaka mzima, zina baraka kuliko saa mbili za Jumamosi moja na wiki tatu za kupaka dawa ya maumivu. Huko Kanada aliishi mzee, Ed Whitlock, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1931. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza marathoni mjini Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mazoezi yake aliyafanya katika makaburi yaliyo karibu na nyumba yake, akizunguka polepole kwa saa nyingi. Hakudai kuwa anaifurahia kila siku, alikwenda tu. Nami nikafikiri kuwa mwenye kukimbia baina ya makaburi haikosi kukumbuka kwamba mbio zina mwisho, na kwamba hatushindani na vijana. Tunashindana na uvivu wa jana.

La pili katika hima ni nia. Anayekimbia ili apungue tumbo kabla ya Idi, Idi ikipita huacha. Anayekimbia ili mwili, ambao ni amana na una haki yake juu yake, umbebe katika swala na katika kuwahudumia wazee na wajukuu, huyo nia yake haina tarehe ya kwisha. La tatu ni mwenzi. Mwalimu wa Kitale hukimbia na majirani wawili. Akichelewa kutoka, hubisha mlango wake. Uvivu wa mtu mmoja huondoka kwa aibu ya watu watatu.

Kwetu pwani hatuna baridi ya Kitale wala udongo mwekundu, lakini tuna ufuo. Maji yakitoka, mchanga ulio karibu na bahari huwa mgumu na laini kwa kiasi chake. Tahadhari ni mteremko wa ufuo: anayekwenda upande mmoja tu huulemea mguu mmoja, basi nusu ya njia ageuke arudi. Joto letu nalo ni mtihani wa aina yake, kwa hivyo wakati bora ni baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, na maji yanywewe kabla na baada.

Goti langu lingalipo, na lingali likinguruma siku za kupanda ngazi. Daktari hakuniahidi kuwa litapona kabisa. Ameniamrisha nitembee siku tatu na nikimbie siku mbili, na nifanye mazoezi ya kiti kila jioni. Nimeanza hivyo na jirani zangu wawili wa msikitini, baada ya darsa ya alfajiri. Atakayependa kuungana nasi atatukuta mlangoni, na kanzu zetu huwa tumeziacha ndani.

Namwomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudu, awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wale wanaoswali kwa tabu, na atujaalie tuonane naye hali viungo vyetu vikitushuhudia kwa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.